Homa Imeingia, Safari ni Keshokutwa

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika. Wachaga wanakwenda nyumbani kula Krismasi, na Wapare na Wasambaa wanashukia njiani. Likizo imeombwa kazini mapema, tiketi zimekatwa, hela ya mbuzi imetumwa, bibi ameshatajiwa idadi ya wajukuu watakaolala kwake. Halafu siku mbili kabla ya safari mtoto anaamka mwili unachemka, au baba mwenye nyumba anashinda chooni usiku kucha. Nyumba nzima inamtazama mama. Mama anatazama tiketi.

Mwongozo huu ni wa siku hizo mbili. Mfano wake ni safari ya Uchagani, lakini anayekwenda Bukoba, Songea au Kigoma anaweza kuufuata hatua kwa hatua, kwa sababu maswali ni yaleyale: mgonjwa ana nini, ataiweza njia, na huko aendako anapokelewa na nani?

Kwa nini tiketi isiamue

Familia nyingi huuliza swali moja tu: "Ataweza kukaa kwenye basi?" Akiweza kukaa, wanaondoka. Swali hilo ni la nusu.

Nusu ya pili iko mwisho wa safari. Krismasi na Idi huwakutanisha chini ya paa moja watu ambao mwaka mzima hawakai pamoja: babu mwenye presha na kifua, mjomba mwenye kisukari, mjamzito, kichanga cha wiki tatu ambaye bado hajapata chanjo nyingi. Mafua yanayomlaza kijana siku mbili yanaweza kumlaza mzee hospitalini. Na wageni hawakai mbali na mzee. Wanamshika mkono, wanakaa kitandani kwake, wanampa watoto awabariki.

Mfano wa karibuni ni macho mekundu. Januari 2024, sikukuu zikiwa ndiyo kwanza zimepita, Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa huo wa virusi, na haukuishia jijini. Virusi vyake huhama kwa mikono, taulo na mito ya kulalia. Hivyo ni vitu ambavyo nyumba yenye wageni 15 hushirikiana bila hata kufikiri.

Kuna jambo la tatu, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika Segera. Kuondoka nyumbani ni kuiacha zahanati inayokufahamu, daftari la mgonjwa na duka la dawa ulilolizoea. Mtu akizidiwa katikati ya njia, anatibiwa na mhudumu asiyejua lolote juu yake. Barabara ya Moshi ina zaidi ya kilomita 500, na ndani ya basi ni saa nyingi hata siku njema.

Siku ya kwanza: pima, usikisie

1. Pima joto kwa kipimajoto, kwapani. Nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Andika namba na saa. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi, hasa kama mtoto ameshapewa dawa ya kutuliza homa.

2. Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Usisubiri "tuone kesho". Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na zahanati nyingi wanacho. Kama mgonjwa alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, mwambie mhudumu. Kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa hata baada ya vimelea kufa, kwa hiyo huenda akahitaji kupimwa kwa hadubini.

3. Kipimo kikiwa hasi, usifanye sherehe bado. Homa ina sababu nyingi. Dar es Salaam inaijua dengue. Mwaka 2019 ilipata mlipuko mkubwa. Homa kali yenye maumivu ya nyuma ya macho na viungo, huku malaria haionekani, imtie mhudumu shaka ya dengue. Mpaka ijulikane, tumia parasetamoli tu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

4. Muulize mhudumu maswali matatu kabla hujatoka chumbani kwake: Ugonjwa huu unaambukiza, na kwa siku ngapi? Dozi inaisha lini na inamezwaje njiani? Nikiona dalili gani nirudi mbio?

5. Amueni jioni ya kuamkia safari, mkiwa mmekaa. Uamuzi unaofanyika saa 10 alfajiri, teksi ikipiga honi nje, huwa ni wa kuondoka tu.

Swali la pili kati ya yale ya kumuuliza mhudumu, la dozi, ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linaloharibu matibabu.

KISANDUKU: HAKUNA SAFARI, NI HOSPITALI SASA HIVI

Mtoto:
- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa
- amepata degedege, amelegea sana au haamki vizuri
- anapumua haraka. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5
- ana homa na ni mgonjwa wa selimundu

Mtu yeyote:
- shingo imekakamaa, amechanganyikiwa, au anapumua kwa shida
- anatoka damu puani, kwenye fizi au chooni
- anaharisha maji mengi mfululizo, macho yameingia ndani, mkojo umekauka
- homa imeshuka lakini tumbo linauma sana au anatapika bila kukoma. Kwa dengue, siku ambazo homa inashuka ndizo za hatari
- ni mjamzito mwenye homa, kuumwa kichwa kikali au kutokwa damu

Malaria na dozi inayokatika njiani

Malaria ndiyo inayochezewa zaidi wakati wa safari, kwa sababu dawa mseto huleta nafuu upesi. Siku ya pili mgonjwa anakula, anacheka, na familia inahesabu amepona. Basi linaondoka, vidonge vinabaki juu ya friji.

Dozi ya mseto ni ya mara sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, na ya tatu siku ya pili, saa 24 tangu uanze. Baada ya hapo ni kila baada ya saa 12. Chukua mgonjwa aliyeanza Jumatatu saa 2 usiku. Ya pili ataimeza Jumanne saa 10 alfajiri, ya tatu Jumanne saa 2 usiku, ya nne Jumatano saa 2 asubuhi, ya tano usiku wa Jumatano, na ya sita Alhamisi saa 2 asubuhi. Hiyo ya saa 10 alfajiri ndiyo watu wanalala nayo. Tegesha simu.

Dawa hii huingia vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta: maziwa, chapati, karanga, mtori. Soda na biskuti kavu hazitoshi. Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo, kisha utafute vidonge vya kufidia ili dozi isipungue. Akiitapika na ile aliyorudia, hiyo si malaria ya kumezea vidonge nyumbani tena. Arudi kituoni.

Je, asafiri akiwa kwenye dozi? Siku ya kwanza, hapana. Kama homa imeondoka, anakula, anatembea mwenyewe hadi chooni na hakuna dalili hata moja ya kisandukuni, mtu mzima anaweza kuondoka siku ya tatu akiwa na vidonge mfukoni. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mjamzito wasubiri dozi iishe na mhudumu awaone tena. Ni kuchelewa siku mbili, na Krismasi hailiwi siku moja.

Kuhara: mabasi mengi hayana choo

Anayeharisha hapaswi kupanda basi. Konda anasimamisha gari kuchimba dawa pale anapopaona yeye. Aibu ni ndogo. Tatizo ni kwamba msafiri wa namna hiyo huacha kunywa maji kwa makusudi ili asisumbuke, na hapo ndipo mwili unapokauka.

Mpe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, anywe kidogokidogo kila baada ya choo. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga. Kama pakiti hakuna, tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visiwe vya kilima. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo pima kwa makini. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto kabisa, na mtu mzima asizitumie kama ana homa au choo kina damu.

Hata baada ya kupona, aliyekuwa anaharisha akae mbali na jiko kwa siku mbili kamili. Hapo mawifi watalazimika kuelewa. Mkwe anayekatazwa kukatakata kachumbari ya watu 40 anawalinda hao 40.

KISANDUKU: AKAE NYUMBANI MPAKA LINI?

- Mafua makali na homa: huanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili na huendelea siku 5 hadi 7. Angalau homa iwe imeondoka kwa saa 24 bila dawa ya kuituliza; na kama mwenyeji ni mzee au ana kichanga, ngoja siku zitimie.
- Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yamekauka na kufanya vigaga, pasiwe na jipya.
- Surua: siku 4 tangu upele utokee. Huambukiza vikali kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote. Kabla ya safari angalia kadi ya mtoto. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.
- Macho mekundu: mpaka yameacha kutoa machozi na tongo. Usiweke dawa ya macho ya jirani, maji ya chai wala maziwa ya mama.
- Kikohozi cha wiki mbili au zaidi: apimwe kifua kikuu kabla ya kwenda kulala chumba kimoja na bibi. Kipimo na matibabu ni bure kwenye vituo vya serikali.

Makosa yanayofanywa na watu wenye nia njema

Kosa la kwanza ni kuizima homa ili msafiri aonekane mzima. Parasetamoli inatuliza, haitibu. Anayeimeza saa 11 alfajiri kabla ya kupanda basi ataiona homa ikirudi kabla ya Korogwe, na kumbe saa za kutafuta tiba zimepotea. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Soma maandishi ya dawa za mafua vilevile, maana nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili bila kujua.

La pili ni kwenda kuomba "dripu na sindano ili nipate nguvu ya safari". Mtu anayeweza kunywa hahitaji maji ya mshipani, na dripu haifupishi siku za ugonjwa. La tatu ni amoksilini iliyobaki kabatini tangu mwaka jana. Haiui virusi vya mafua, na kozi ya nusu huwafundisha bakteria kuizoea dawa.

Kosa la nne linawahusu wenye magari. Dawa nyingi za mafua na mzio, kama klofenaramini na promethazini, huleta usingizi. Dereva aliyezimeza asishike usukani. Dereva mwenye homa naye asiendeshe, hata kama gari ni lake na barabara anaijua kona kwa kona. Na kuna wazazi wanaompa mtoto promethazini ili alale njia nzima. Mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kumzuia kupumua. Usifanye hivyo kamwe.

Kupiga simu nyumbani

Kwa wengi hii ndiyo sehemu nzito kuliko ugonjwa wenyewe. Mama amengoja mwaka mzima. Kuna kuogopa kuambiwa "mmeanza kujisikia huko mjini", kuna mkwe anayejua kwamba lawama zitamwangukia yeye. Kwa hofu hiyo watu hunyamaza mpaka asubuhi ya safari, na habari ya kuchelewa inaumiza zaidi ya habari mbaya.

Anza na mtu wa kati: dada, kaka au shemeji anayeishi nyumbani. Yeye atajua mama yukoje siku hiyo na nani yuko karibu naye. Kisha mpigie mzee mwenyewe kwa sauti. Ugonjwa wa mjukuu hautangazwi kwanza kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, bibi akaja kuusikia kwa jirani.

Maneno yawe mafupi na ya kweli:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Mnatoka saa ngapi kesho?"
"Mama, mtoto alipata homa jana. Tumempeleka hospitali, amepimwa, ana malaria na ameanza dawa. Anaendelea vizuri, ila daktari amesema amalize dozi kwanza. Tutafika tarehe 27 badala ya 24."
"Pole jamani. Anakula?"
"Anakula, mama. Huyu hapa, anataka kukusalimia."

Ona yaliyomo: ugonjwa umetajwa jina, tiba imetajwa, tarehe mpya imetajwa, na mtoto amesikika. "Tutaona" haimtulizi mzee; tarehe inamtuliza. Kama kulikuwa na mchango wa mbuzi, sare au ada ya misa ya shukrani, tuma siku hiyohiyo kwa simu, ili kuchelewa kwenu kusisimamishe shughuli ya wengine.

Piga pia ofisi ya basi mara tu mnapoamua. Desemba kiti kinachorudishwa mapema hupata mtu. Cha kurudishwa asubuhi ya safari ni hasara. Uliza kama tarehe inabadilishwa, na uandike jina la uliyezungumza naye. Ukimwachia ndugu tiketi, jina libadilishwe rasmi, kwa sababu orodha ya abiria ndiyo inayotegemewa gari likipata ajali.

Kugawanyika si kuvunja familia

Mara nyingi jibu zuri ni nusu kuondoka na nusu kubaki. Baba anatangulia na wakubwa, mama anabaki na mgonjwa, au kinyume chake. Anayebaki awe mtu mzima anayejua ratiba ya dawa na mwenye hela ya teksi ya usiku. Mgonjwa mdogo asiachiwe dada wa kazi peke yake kwa sababu tu wengine wana tiketi. Aliyekaa chumba kimoja na mwenye mafua au surua anaweza kuwa ameshaambukizwa ingawa bado ni mzima, kwa hiyo wanaotangulia nao wajiangalie, na wakianza dalili wasiingie chumbani kwa bibi.

Mkiondoka: begi la mkononi

Lisiwekwe kwenye buti la basi.

- [ ] dawa zote na karatasi ya ratiba, yenye saa
- [ ] dawa za kila siku za presha, kisukari na pumu, za kutosha wiki moja zaidi
- [ ] insulini kwenye chupa ya chai yenye ubaridi, isiguse barafu; ikiganda haifai tena
- [ ] kipimajoto, pakiti 4 za ORS, maji ya kunywa
- [ ] kadi ya bima, kadi ya kliniki ya mtoto au ya mama, majibu ya vipimo
- [ ] barakoa, mifuko ya kutapikia, sabuni
- [ ] chakula cha kumezea dawa

Mwenye kisukari asiache insulini kwa sababu hana hamu ya kula. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari, hivyo apime mara nyingi zaidi, na aulize daktari kuhusu vidonge vyake kama anatapika.

Kaeni karibu na dirisha, na mgonjwa avae barakoa. Jueni mapema hospitali zilizo njiani: Tumbi pale Kibaha, Msoga upande wa Chalinze, Magunga Korogwe, hospitali ya wilaya Same, kisha Mawenzi na KCMC Moshi. Mtu akizidiwa, mwambieni konda palepale, kwa sauti, ashushwe panapofaa. Ushauri wa afya hupatikana pia kwa kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya.

Mkifika

Aliyetoka kuumwa asalimie kwa mdomo siku mbili za kwanza, na mwenyeji aelezwe sababu mbele ya watu ili isionekane ni majivuno. Alale chumba chenye dirisha wazi, awe na kikombe na taulo lake. Kichanga asimpakate. Mgonjwa wa selimundu aliyetoka joto la Dar avalishwe sweta jioni na anyweshwe maji mengi, kwa kuwa baridi na kiu ni vichochezi vya maumivu yake.

Na kuna jambo la kumwambia kila anayewapokea. Miteremko ya juu ya Kilimanjaro ina malaria kidogo, hivyo homa ya huko inaweza kudhaniwa ni mafua ya baridi. Vimelea hukaa mwilini siku 7 au zaidi kabla homa haijaanza, kwa hiyo mtu anaweza kuumwa mbu Mbagala na kuugulia Marangu. Yeyote katika msafara atakayepata homa huko, au ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, aseme kwa mhudumu kabla hajaulizwa: ametoka wapi, amelala wapi, na lini.